Kasha la kufundishia mimenyuko ya alkoholi: butanoli nne za kusifiwa, Lucas iliyolegea na maelekezo yasiyoijua Dodoma

Mwezi Januari mwaka huu nilinunua, kwa fedha za idara ya sayansi ya shule yetu, kasha moja la vitendanishi vya kufundishia mimenyuko ya alkoholi, katika duka la vifaa vya maabara lililopo katikati ya jiji la Dodoma, kwa shilingi 265,000. Nimelitumia kwa mihula miwili, kwanza na kidato cha sita na baadaye, mwezi Julai, na kidato cha nne, na kwa kuwa walimu wenzangu wa Chamwino, Bahi na Kongwa wamekuwa wakiniuliza kama linafaa, nimeona ni heri niandike kwa kirefu nilichokiona kuliko kumjibu kila mmoja kwa ujumbe mfupi wa simu. Duka lenyewe silitaji, kwa sababu si yote nitakayoyasema ni ya kulisifu, na kasoro nilizozikuta mtu anaweza kuzikuta katika duka lolote linalouza kemikali kwa rejareja.

Kasha ni boksi la karatasi ngumu lililotandikwa sponji yenye vishimo, na kila chupa ina kishimo chake. Ndani yake mna ethanoli mililita 500, methanoli, propanoli zote mbili na butanoli nne za mililita 100 kila moja, asidi ethanoiki, asidi salfuriki iliyokolea, potasiamu daikromati gramu 50, iodini, sodiamu haidroksaidi, vipande vichache vya sodiamu vilivyozamishwa katika mafuta, na chupa ya kitendanishi cha Lucas kilichokwisha kutayarishwa. Vyombo vya kioo havimo, na hilo muuzaji alilisema mapema, kwa hiyo silihesabu kuwa kosa.

Nianze na sababu iliyonifanya nilinunue. Mwalimu yeyote anaweza kupata ethanoli, na akikosa kabisa atakwenda duka la dawa kununua spiriti. Asichoweza kukipata kwa urahisi ni butanoli nne kwa pamoja, yaani vimiminika vinne vyenye fomula ileile ya C₄H₁₀O, atomu zilezile kwa idadi ileile, ambavyo hata hivyo havifanani tabia kwa kuwa mnyororo wa kaboni au mahali liliposhikwa kundi la haidroksili (-OH) si pamoja katika vyote. Daraja ni idadi ya kaboni zilizoshikana na ile kaboni inayobeba haidroksili: butani-1-oli na 2-methilipropani-1-oli ni za daraja la kwanza, butani-2-oli ni ya daraja la pili, na 2-methilipropani-2-oli ni ya daraja la tatu. Ubaoni unaweza kuyachora madaraja haya mara kumi na mwanafunzi akayakariri kama majina ya vituo vya reli ya kati, lakini akiziona neli nne zimesimama kwenye kishikizo kimoja, zote angavu kama maji, kisha baada ya dakika chache moja tu kati yake ikakataa kubadilika, hapo anaanza kuuliza maswali.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika kila neli tulitia mililita 2 za myeyusho wa daikromati uliotiwa asidi, tukadondosha matone matano ya alkoholi, tukazitumbukiza neli zote katika bika ya maji ya moto. Rangi ya chungwa ilianza kuchafuka na kuwa ya hudhurungi, kisha ikatulia katika kijani cha majani makavu, katika neli ya kwanza, ya pili na ya tatu. Neli ya nne, ile ya daraja la tatu, ilibaki vilevile. Kijana mmoja wa kundi la nyuma aliinyanyua kwa kibano, akaigeuza mbele ya dirisha, akasema, "Mwalimu, hii yetu imegoma." Nikamwambia arudi kwenye mchoro wake ahesabu hidrojeni zilizo kwenye kaboni inayobeba haidroksili. Akahesabu, akakuta hakuna hata moja, akaketi kimya. Daikromati huiondoa hidrojeni hiyo ili kaboni ifunge kifungo maradufu na oksijeni, na isipokuwapo hidrojeni ya kuondoa, uoksidishaji hauna pa kushikia bila kuvunja mifupa yenyewe ya molekuli. Kwa somo hilo moja nililiona kasha limekwisha rudisha nusu ya bei yake.

Kiasi pia kinatosha. Kwa darasa la wanafunzi 48 walio katika makundi kumi na mawili, kila kundi likitumia matone matano kwa jaribio, chupa ya mililita 100 haishuki hata shingo kwa kipindi kimoja. Kijikaratasi cha maelekezo kinasema mtu atumie mililita 2 za alkoholi kila mara. Huo ni ubadhirifu. Ukikifuata, butanoli zitaisha kabla ya likizo ya katikati ya muhula na harufu yake nzito itawakimbiza walimu wa chumba cha jirani.

Sasa kisa cha mwezi Julai, ambacho nakisimulia kwa sababu najua kitamkuta mwingine. Asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya Dodoma inayowafanya wanafunzi wa bweni waje maktaba wamejifunga mashuka, fundi sanifu wetu wa maabara alinifuata ofisini akiwa ameshika chupa ya 2-methilipropani-2-oli. "Mwalimu, hii tuirudishe dukani, imeharibika. Imeganda kama mafuta ya nazi." Kweli ilikuwa imeganda, nyeupe, yenye sindano za fuwele zilizopandana ukutani mwa chupa. Lakini haikuwa imeharibika. Alkoholi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo kuganda kwake ni jambo la lazima na, tena, ni dalili kwamba si chafu sana, maana maji kidogo tu yakiingia humo huanza kuchelewa kuganda. Tuliilegeza kifuniko, tukaisimamisha katika bakuli la maji ya uvuguvugu, na baada ya muda wa kunywa chai ikawa kimiminika tena. Wenzake watatu hawakuganda, jambo lililotupa somo jingine la bure kuhusu umbo la molekuli na jinsi zinavyopangana. Kijikaratasi hakisemi neno juu ya hili. Nina hakika ziko shule zilizokwisha kuitupa chupa kama hii.

Kuhusu kitendanishi cha Lucas siwezi kuwa mpole. Kitendanishi hiki, kilichopewa jina la mkemia Mmarekani Howard Lucas aliyekieleza mwaka 1930, ni kloridi ya zinki isiyo na maji iliyoyeyushwa katika asidi hidrokloriki iliyokolea, na kazi yake ni kuibadili alkoholi iwe kloridi isiyochanganyika na maji, ambayo hujitokeza kama ukungu ndani ya neli. Alkoholi ya daraja la tatu inapaswa kuleta ukungu papo hapo, ya daraja la pili baada ya dakika chache, na ya daraja la kwanza isilete kitu katika joto la kawaida la chumba. Chupa iliyo katika kasha ilipotumika, alkoholi ya daraja la tatu ilichukua karibu dakika nne, na ile ya daraja la pili haikutoa ukungu hadi kengele ikalia. Wanafunzi waliandika katika madaftari yao kwamba butani-2-oli ni ya daraja la kwanza, na kwa ushahidi waliokuwa nao walikuwa na haki.

Kosa halikuwa lao wala la alkoholi. Kloridi ya zinki hunywa maji ya hewani kwa uroho, asidi hidrokloriki nayo hupoteza gesi yake kila kifuniko kinapofunguliwa, na kitendanishi kilichokaa rafuni kwa miezi huwa kimelegea pande zote mbili. Wiki iliyofuata nilitayarisha cha kwangu: gramu 68 za kloridi ya zinki niliyoikausha kwa kuiyeyusha katika kibakuli cha kauri, ndani ya gramu 52.5 za asidi hidrokloriki iliyokolea, nikichanganya polepole huku bika ikiwa ndani ya maji baridi, kwa sababu mchanganyiko huu huchemka kwa hasira. Safari hii ukungu wa daraja la tatu ulitokea kabla tone la mwisho halijazama. Wa daraja la pili ulikuja dakika ya sita. Neli mbili zilizobaki zilikuwa angavu hadi jioni nilipoziosha. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba chupa ya Lucas iliyomo katika kasha ichukuliwe kuwa haimo, na duka lingefanya uungwana kama lingeiondoa na kuweka badala yake kikopo kilichofungwa vizuri cha kloridi ya zinki kavu.

Ugomvi wangu wa pili ulikuwa juu ya ethanoli. Lebo ilisema ni ethanoli kamili, yaani isiyo na maji, na kwa jaribio la sodiamu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sodiamu ikikuta maji hutenda kwa ukali ambao mwanafunzi ataudhania kuwa ni wa alkoholi. Kabla ya somo nilichoma fuwele chache za salfeti ya kopa kwenye kibakuli mpaka zikawa unga mweupe, nikachukua ncha ya kijiko, nikadondoshea matone kumi ya ethanoli ile. Unga ulibadilika kuwa wa samawati hafifu, kama rangi ya sare iliyofuliwa mara nyingi, kabla sijahesabu ishirini. Maji yalikuwemo. Nilipoitazama chupa tena, niligundua kwamba pete ya plastiki iliyo chini ya kifuniko ilikuwa imekatika, maana yake chupa ilikwisha kufunguliwa kabla haijafika mikononi mwangu.

Nilirudi dukani na chupa pamoja na kibakuli cha unga. Kijana aliyekuwa kaunta alitaka kubishana kidogo. "Mwalimu, ethanoli zote ndivyo zilivyo, hewa ya Dodoma hiyo." Nikamjibu kwamba hewa ya Dodoma mwezi Januari ina unyevu wake, ni kweli, lakini haiwezi kuikata pete ya plastiki. Mama mwenye duka alikuja, akatazama unga, hakuniuliza maswali ya ziada, akanipa chupa nyingine yenye pete nzima na kuniomba radhi. Ile ya pili niliipima pale pale mbele yao na unga ukabaki mweupe. Kwa huduma hiyo nawapa alama za juu, kwani nimekwisha kununua mahali pengine ambako bidhaa ikitoka mlangoni huwa imekufa na haina mwenyewe. Cheti chao cha usajili kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kimetundikwa ukutani pia, jambo ambalo mnunuzi wa kemikali hapaswi kuona haya kuliulizia.

Sikupenda, hata hivyo, walivyotaka kunisafirishia kasha kwa bodaboda. Asidi salfuriki iliyokolea, sodiamu na nusu lita ya ethanoli katika boksi moja lililofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, kwenye matuta ya barabara zetu, ni mzigo ambao sitaki hata kuufikiria. Nilikodi bajaji, nikaipakata chupa ya asidi mwenyewe.

Na ethanoli ya pili jaribio la sodiamu lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Vipande vya sodiamu vilikuwa na gamba jeupe, lakini nilipovikwangua kwa kisu ndani yake viling'aa, na kipande cha ukubwa wa nusu punje ya mchele kilitosha. Wanafunzi waliozoea kuona sodiamu ikikimbia juu ya maji walishangaa kuiona ikizama, kwa kuwa ethanoli ni nyepesi kuliko sodiamu ilhali maji ni mazito kuliko zote mbili. Ilitulia chini ya neli ikitoa vipovu vya hidrojeni kwa ustaarabu, na neli ikapata joto la kuhisika mkononi. Katika butani-1-oli ilikwenda polepole zaidi, na katika ile ya daraja la tatu ilijikokota, vipovu vikitoka kimoja kimoja. Mabaki ya sodiamu tuliyamaliza kwa ethanoli hiyohiyo, si kwa maji ya bomba.

Esta, yaani zao lenye harufu la alkoholi na asidi, nayo ilifaulu, ingawa hapa kasha lina upungufu mdogo unaokera. Ukichanganya alkoholi na asidi ethanoiki, ukatia matone machache ya asidi salfuriki kama kichocheo na kupasha kwenye maji ya moto, mmenyuko hauendi hadi mwisho. Wafaransa wawili, Berthelot na Péan de Saint-Gilles, walilichunguza jambo hili tangu mwaka 1862 na kuona kwamba ukianza na kiasi sawa cha asidi na ethanoli, husimama pale ambapo takriban theluthi mbili tu zimegeuka kuwa esta. Asidi inayobaki hunuka siki kiasi cha kuizima harufu ya esta, na ndiyo sababu mchanganyiko humiminwa katika myeyusho wa sodiamu kaboneti kabla ya kunusa. Kaboneti haimo katika kasha. Tulituma mwanafunzi Soko la Majengo akanunua magadi ya kupikia, tukayaloweka, tukayachuja kwa kitambaa, na yalifanya kazi barabara, vipovu vya kabonidioksidi vikafura mpaka mdomoni mwa bika. Esta ya ethanoli ilinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na wasichana waliitambua kabla yangu. Ile ya 2-methilipropani-1-oli ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Jaribio la iodini na sodiamu haidroksaidi sina la kulilaumu. Ethanoli, propani-2-oli na butani-2-oli zilitoa mashapo ya manjano yenye harufu ya wodi ya hospitali. Methanoli na nyingine zilizobaki hazikutoa. Nililitilia mkazo mbele ya kidato cha sita, kwani methanoli haionekani tofauti na ethanoli kwa macho, na tofauti yake huweza kumpofusha mtu. Walipouliza kuhusu divai ya zabibu za hapa kwetu niliwaambia kwamba divai ikiachwa wazi na kuchachuka huwa imepitia njia ileile waliyoiona katika daikromati, ethanoli kuwa asidi ethanoiki, ila kazi hiyo hufanywa na bakteria wala hakuna rangi ya kijani.

Yabaki maelekezo. Kijikaratasi kimeandikwa na mtu anayeishi usawa wa bahari, mwenye bomba lisilokauka na barafu jikoni. Kinasema ethanoli itachemka kwenye nyuzi 78. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na ethanoli safi huchemka hapa karibu na nyuzi 75, kama vile maji yanavyochemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Kundi moja la wanafunzi lilibadilisha kipimajoto mara tatu likidhani vyote ni vibovu. Ethanali, ambayo ndiyo ethanoli hugeuka kwanza inapooksidishwa, na ambayo hata pwani huchemka kwenye nyuzi 20 tu, hapa hupeperuka yote kama huna barafu ya kuipokelea, na harufu yake kali ndiyo itakayokujulisha kwamba umeikosa. Kinasema pia maji yapitishwe katika kondensa, yaani bomba la kupozea mvuke, kwa dakika arobaini mfululizo, kana kwamba maji yetu hayaji kwa zamu. Sisi tuliweka ndoo moja juu ya kabati na nyingine sakafuni, maji yakashuka kwa mpira kupitia kondensa, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuzibadilisha ndoo. Lita 20 zilitosha kukeneka kwa kipindi kizima.

Kibaya zaidi, kinaelekeza mabaki ya daikromati yamwagwe katika sinki na kufuatishiwa maji mengi. Tafadhali msifanye hivyo. Kromiamu ya namna hiyo ni sumu na husababisha saratani, na maji ya sinki za shule nyingi za huku huishia katika shimo lililo nyuma ya maabara. Mabaki yenye rangi ya chungwa tunayatilia ethanoli na asidi mpaka yawe kijani yote, kisha tunatia magadi mpaka kromiamu itulie chini kama tope, na tope hilo tunalihifadhi katika ndoo yenye mfuniko na lebo.

Kwa jumla ya hayo, kama shule yako ina mwalimu aliye tayari kukiweka kando kile kijikaratasi, kasha hili linastahili nyota tatu na nusu kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za butanoli. Nilimuuliza mama mwenye duka kama anaweza kuziuza hizo nne peke yake, akasema ndiyo, kwa shilingi 25,000 kila chupa, na nadhani mwakani nitanunua kwa namna hiyo, pamoja na kloridi ya zinki ya kikopo. Ukienda kununua kasha zima, beba ncha ya kijiko ya salfeti ya kopa iliyochomwa, katika kichupa kilichozibwa vizuri, na uombe kuipima ethanoli kaunta kabla hujalipa.